Mwaka wa Panzi wa Kuresoi

Habari ya kifo cha Hansaben ilinifikia kwa simu nikiwa jikoni nasubiri maziwa yachemke. Binti yake aliniandikia kutoka Uingereza kwamba mama ametangulia akiwa usingizini, ana miaka tisini na minne, na kwamba hata wiki yake ya mwisho alikuwa bado akiuliza kama mvua imenyesha Nakuru. Maziwa yakafurika, moto ukazimika, nami nikayaacha. Sasa mimi ni mama wa watu wazima. Nina miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kuitafutia ile ya kwanza, na nimezika watu wengi kiasi cha kujua jinsi huzuni inavyobisha hodi. Lakini asubuhi ile haikubisha. Nilichohisi ni moyo kwenda mbio, kama wa mtu anayesubiriwa mahali na tayari amechelewa. Nilikaa mezani na simu mkononi, na kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa uso wake. Kilikuwa harufu ya vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo.

Nilikuwa na miaka ishirini, nikiishi mtaa wa Kaptembwo, Nakuru, na kazi yangu ilikuwa kuchora kuta za maduka. Nilichora ng'ombe wa bucha, vichwa vya vinyozi, matairi, mikate. Karibu na soko palikuwa na duka la mbegu na dawa za mimea, na mwenyewe alitaka ukuta wake uwe na kiwavi akitoboa bua la mahindi. Nilikuwa juu ya ngazi namalizia tumbo la kiwavi pale nilipohisi mtu amesimama chini. Alikuwa mama wa Kihindi, mwembamba, sari ya pamba na sweta juu yake, kichwa amekiinamisha upande kama kuku anayechunguza punje.

"Hii kiwavi, wewe uliona wapi?"

"Kwa mahindi, madam. Wako wengi."

"Uliona ama uliambiwa?"

"Niliona. Nilipasua bua nikamtoa."

"Nilijua," akasema. "Watu wanachora kiwavi kama soseji. Hii yako iko na nywele mahali nywele inakaa. Ukimaliza ukuta, kuja kwangu. Milimani, nyumba ya mawe yenye geti ya kijani."

Nilikwenda kesho yake nikidhani anataka ukuta uchorwe. Alinipitisha sebuleni hadi chumba cha kulia, na hapo ndipo maisha yangu yalipokata kona. Ukuta mmoja mzima ulikuwa kabati la mbao nyekundu, lenye droo arobaini nyembamba. Akavuta moja. Harufu ya vidonge vya nondo ikatoka, na chini ya kioo walilala vipepeo safu kwa safu, kila mmoja na pini yake kifuani na kijikaratasi chake chini: mahali, mwezi, jina la aliyemkamata. Akavuta nyingine: mbawakawa, wengine wakubwa kama mbegu za parachichi, wengine wadogo wa kulingana na punje ya ufuta. Nyingine: kereng'ende. Nyingine: konokono wa nchi kavu na majongoo waliojikunja kama sarafu. Nilisahau kusalimia, nilisahau kuuliza nimeitiwa nini. Nilikuwa nimekanyaga wadudu maisha yangu yote, na sasa nilikuwa nimesimama mbele yao kama mtu aliyeingia kanisani na viatu vyenye matope.

Mume wake, marehemu, alikuwa afisa wa kilimo. Kila alikotumwa alirudi na chupa mfukoni. Yeye alikamata, naye Hansaben akachora. Picha zake zilikaa kwenye majalada mazito ndani ya sanduku la bati, na kila picha ilikuwa na mdudu wake kwenye droo. Kwa nini mkachora, nilimuuliza siku ile, kama mdudu mwenyewe yupo? Akanipa kioo cha kukuzia na kuniwekea mezani panzi wa kijani kwenye picha na panzi yule yule kwenye pini. Yule wa pini alikuwa rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa. "Akikufa rangi inaenda," akasema. "Mdudu inaweka umbo. Picha inaweka rangi. Moja bila ingine ni nusu." Kisha akaniambia shida yake: mtoto wa jicho alikuwa amemfunga jicho moja na kulianza la pili. Alitaka mtu wa kulinganisha kila picha na kila mdudu, kuandika orodha, na kukagua droo kwa vile vijidudu vidogo vinavyokula sampuli, ambavyo huacha unga kama wa msumeno chini ya pini. Jumba moja la makumbusho lilikuwa limeomba mkusanyiko ule, naye alitaka utoke nyumbani kwake ukiwa kamili.

Miezi mitatu ya kwanza nilijifunza kuona upya. Nilifika saa mbili, nikavuta droo, nikahesabu. Kabla ya kushika penseli alinitaka nihesabu: miiba ya mguu, mistari ya bawa, pingili za papasi, zile nywele mbili za kichwani ambazo mdudu hunusia dunia. Nikikosea alijua, hata kwa jicho lake moja lenye ukungu, kwa sababu picha zote zilikuwa kichwani mwake. Saa saba tulikula kwenye ncha ya meza ile ile, tukisogeza droo: chapati laini, dengu, achari ya maembe iliyonitoa machozi siku ya kwanza na ambayo kufikia mwezi wa pili nilikuwa naiomba. Alizaliwa mjini humo humo, Kiswahili chake kilikuwa cha soko letu, na alipenda kula akisimulia. Niliondoka nikitembea kuelekea Kaptembwo na macho yakikataa kutulia. Kila taa ya duka ilikuwa na nondo, kila ukuta ulikuwa na buibui, na nilisimama katikati ya njia watu wakinipita na kuguna. Leo nachora wadudu kwa ajili ya mabango ya wakulima, na vijana wananiambia simu inapiga picha kwa sekunde moja. Ni kweli. Lakini sijaona simu inayomfanya mtu asimame njiani hivyo.

Mwezi wa nne alikuja Bwana Mutiso kutoka makumbusho, mtu mpole mwenye tai fupi. Nilikuwa chumba cha nyuma napangusa droo kwa unyoya, na mlango ulikuwa wazi.

"Wadudu tutachukua wote, mama, hata leo," nilimsikia akisema. "Lakini picha ni kitu ingine."

"Picha na wadudu ni moja."

"Mama, kuna ile barua kwa faili. Yule mtaalamu wa ng'ambo aliandika kwamba rangi zako ni za kujitungia. Mkubwa wangu akisoma hiyo, atasema hizi ni mapambo."

Kikombe kiligusa sahani. "Hiyo barua ilikuwa ya panzi moja."

"Moja, ndiyo. Lakini kama moja ni ya uongo, nani atajua zingine ni kweli?"

Kisha nikamsikia Hansaben, sauti haikupanda hata kidogo: "Basi usichukue kitu. Kunywa chai yako."

Mutiso alipoondoka, Hansaben alinionyesha picha yenyewe. Panzi mfupi, mnene, mwenye vijibawa visivyoweza kumrusha popote, na mwili wake wote, kuanzia shingoni hadi miguu ya nyuma, ulikuwa wa buluu. Haikuwa buluu ya mbali ya milimani. Ilikuwa buluu ya wino uliomwagika sasa hivi. Pembeni, kwenye pini, alikuwa yule mwenyewe, mweusi wa masizi. Mume wake alimleta kutoka Kuresoi ndani ya chupa, naye Hansaben alikuwa akipika chapati, akaiweka chupa kando ya jiko apate kumtazama. "Ilikuwa hivi hivi," akaniambia akigusa picha. "Nilichora jioni yote. Kesho ilikuwa imekufa, na rangi imeenda." Mtaalamu aliomba mkusanyiko ule aukague, akamwona mweusi kwenye pini na buluu kwenye karatasi, akaandika barua ya aya tatu. Tangu barua ile Hansaben hakushika brashi. Zilikuwa bado kwenye mtungi dirishani, nywele zake zimekauka kama mswaki wa kutupa.

"Kwa nini hamkurudi kutafuta mwingine?"

"Mzee alihamishwa. Halafu akagonjeka. Halafu ilikuwa mimi peke yangu na hii mambo."

"Basi twende sisi," nikasema, na nilipoyasema hayo nilikuwa tayari nimesimama.

Tulikwenda na lori la viazi lililokuwa likirudi Kuresoi tupu. Hansaben alikaa mbele na dereva, kikapu mapajani, sari na viatu vya raba, akinyoosha kidole kila penye ua lenye kipepeo. Kijikaratasi cha panzi kilisema tu: mteremko juu ya kijito. Mahali palipokuwa nyasi sasa palikuwa viazi na mahindi hadi upeo wa macho. Dereva alitupeleka kwa mama aliyekuwa akimuuzia viazi, Mama Chebet, mwanamke mpana mwenye gambuti na kicheko cha chini chini. Alitusikiliza, akaitazama picha, na hakushangaa.

"Hawa wako pale juu ya mto," akasema. "Pale pameinuka sana, punda haiwezi lima. Lakini saa hii ni watoto tu."

Na kweli. Tulipanda mteremko tukiwa tumeshikana mikono, Hansaben katikati, na kwenye nyasi tukapata panzi wadogo kama punje za mchele, kahawia, bila alama yoyote ya buluu. Mama Chebet akasema turudi wakati wa kuchimba viazi. Njiani nikirudi, nimekaa juu ya magunia ya viazi vya ghalani kwa kuwa lori sasa limejaa, shaka ikaniingia. Asubuhi ile Hansaben aliniomba kikombe cha buluu, na kikombe chenyewe kilikuwa cha kijani. Nikawaza: je, kama yule mtaalamu alikuwa sahihi? Je, kama mke mchanga, mwenye furaha na chapati jikoni, alimpamba panzi wa mume wake kidogo tu, kisha akaamini? Nilimpenda mama yule, na bado nilibeba wazo hilo miezi minne, nikilificha chini ya orodha zangu.

Tulirudi mwezi wa tisa, safari hii tukalala kwa Mama Chebet. Chakula cha jioni kilikuwa viazi vya kuchemsha na mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni. Hansaben alikula viazi kwa pilipili aliyokuja nayo kwenye karatasi, na Mama Chebet akaionja akaenda mbio kutafuta maji. Kulipopambazuka tulikuwa mteremkoni. Baridi ya Kuresoi ilikuwa imelaza nyasi nyeupe. Panzi walikuwa wengi, wakubwa sasa, wameshikilia majani bila kusogea, ungeweza kuwaokota kama matunda. Niliokota watatu nikawatia kwenye chupa, nikainua chupa machoni.

"Rangi gani?" Hansaben akauliza. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, shali imefunika mdomo.

Nilitamani sana kudanganya. Ningesema buluu, angeniamini, na jicho lake lisingeweza kunikanusha.

"Wairimu. Rangi gani?"

"Nyeusi, mama. Wote ni weusi."

Alikunja mikono mapajani akatazama mbele, mahali ambapo kwake palikuwa ukungu tu. Mama Chebet alikuwa anapanda nyuma yetu na chupa ya chai, akatukuta hivyo, mmoja kwenye jiwe na mwingine akifuta pua kwa mkono wa sweta.

"Nani amekufa?" akauliza.

Nikamwonyesha chupa. Akaitazama, akaitazama picha, kisha akatazama jua lililokuwa halijavuka ukingo wa kilima.

"Sasa mnalilia nini? Hao hawajavaa. Asubuhi wako hivyo kila siku. Jua ikipanda watavaa."

Akachukua chupa mkononi mwangu akaiweka juu ya jiwe palipoanza kupata mwanga, akatumiminia chai. Tukanywa. Sijui kama ilikuwa nusu saa au zaidi. Najua nilikuwa na kikombe mdomoni nilipoona, kwenye goti la panzi mmoja, kitu kama tone la wino. Nikaweka kikombe chini. Tone likatambaa. Lilipanda pajani, likaingia ubavuni, na weusi ukawa unaondoka mbele yake kama kivuli kinavyoondoka uani. Wa pili akaanza shingoni. Wa tatu akaruka, akagonga kifuniko, akatua buluu. Nikatazama mteremko, na kila mahali jua lilipofika, nyasi zilikuwa zimejaa buluu inayoruka.

"Mama," nikasema. "Mama, wanavaa."

Alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo. "Chora," akasema. "Usiongee. Chora."

Nilichora juu ya goti hadi saa sita. Yeye alinitajia rangi kutoka kichwani, kiasi gani cha ipi juu ya ipi, wino wa kwanza mwepesi, subiri ukauke, wa pili mzito, acha weupe wa karatasi uwe ndio mng'ao. Kila mchanganyiko aliousema ulikuwa sahihi. Nilichora panzi wa alfajiri, panzi wa katikati, na panzi wa mchana, na Mama Chebet akanishikia mwavuli, akikosoa: "Huyo miguu yake umenenepesha." Nilipunguza. Tulishuka na panzi sita hai na nyasi zao, nikaimba njia nzima juu ya magunia.

Ni nyumbani, siku ya pili, nilipohesabu papasi. Pingili ishirini na nne. Nikafungua picha ya zamani ya Hansaben: ishirini na tatu. Nikahesabu panzi wote sita. Nikahesabu yule wa kwenye pini kwa kioo. Wote ishirini na nne. Picha ambayo tulikuwa tunaitetea, ile ambayo Mutiso, tuliyemwita upya, alikuwa anakuja kuitazama tena baada ya wiki moja, ilikuwa na kosa, na kosa lenyewe halikuwa la rangi. Nilifunga jalada. Siku tano nilikula chapati zake nikitazama sahani. Nilijiambia hakuna binadamu atakayehesabu pingili za panzi. Lakini mimi nilikuwa nimehesabu, na ni yeye aliyenifundisha.

Siku ya sita nilimwambia, wakati wa chai. Akaniomba nihesabu kwa sauti, polepole, kidole chake kikifuata kidole changu juu ya karatasi. Nilipofika ishirini na tatu na papasi ikaisha, alikiacha kidole chake pale pale. Nikaanza kuomba radhi, akaniinulia kiganja.

"Barua ilisema rangi," akasema mwishowe. "Haikusema pingili. Miaka yote nimekasirikia huyo mtu, na yeye mwenyewe hakuhesabu." Mabega yake yalianza kutikisika, na ilinichukua muda kuelewa kwamba anacheka. Kisha akajifuta macho kwa pindo la sari. "Mutiso akikuja, hiyo ndiyo ya kwanza tutamwambia."

"Na akikataa picha zote?"

"Akatae. Lakini asikatae kwa kitu sisi tulimficha."

Bwana Mutiso alikuja Alhamisi. Kabla hajakaa, Hansaben alimweleza kosa lake, kidole juu ya papasi, bila kupunguza kitu. Mutiso alivua miwani, akaipangusa, akaivaa. Halafu Hansaben akanituma kwenye friji, ambako panzi walikuwa wamelala kwenye baridi, weusi, kati ya maziwa na nyanya. Tukaingia jikoni wote watatu, nikaweka chupa kando ya jiko, kama ilivyokuwa mara ya kwanza. Mutiso aliinama. Chai yake ikapoa sebuleni. Tone lilipotokea kwenye goti, nilimsikia akivuta pumzi, na hakuiachia hadi buluu ilipofika shingoni.

"Nimefungua droo za panzi miaka kumi na mbili," akasema taratibu. "Hii tunayo. Tunayo mbili. Nyeusi." Aliendelea kuinama. "Mama, naomba kitu moja. Uandike hiyo ya pingili kwa picha, na mkono yako. Ile barua ilikuwa peke yake kwa faili. Sasa itakuwa na mwenzake." Akaniomba pia picha zangu tatu, na jina la mama aliyetuonyesha mteremko, ili liandikwe kwenye kijikaratasi.

Hansaben aliandika mwenyewe. Aliinama hadi pua ikakaribia kugusa karatasi, akashika penseli ambayo hakuwa ameishika tangu mume wake alipokuwa hai, na chini ya panzi wa buluu akaandika kwa herufi kubwa, zilizopinda: Papasi nimekosea, ni pingili 24. Rangi ni kweli. Akatia herufi ya jina lake, akapuliza karatasi ingawa penseli haina wino.

Wiki iliyofuata wabebaji walitoa kabati. Lilipita mlangoni kwa shida, droo zake zimefungwa kwa utepe, na sanduku la picha likafuata kwenye gari lile lile, kando yake. Chumba cha kulia kikabaki na ukuta mtupu, wenye rangi mbichi mahali ambapo jua halikuwahi kufika. Nilichukua kikoi changu na mfuko, nikasimama mlangoni bila kujua namna ya kuaga. Kazi ilikuwa imekwisha, orodha ilikuwa kamili, na geti la kijani lilikuwa wazi. Hansaben alikuwa dirishani, anaosha brashi zake kwenye bakuli la maji ya moto, akizikamua moja moja kwa vidole.

"Kesho kuja saa mbili," akasema bila kugeuka.

"Lakini mama, wadudu wameenda wote."

"Waliokufa wameenda," akasema. "Wale wengine wako nje."

Nilifika saa moja na nusu.